Moshi wa Tanga Mbili

Nyanya yangu alikuwa akipika mkate wa kumimina uwani kwetu, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa moto wa makumbi ya nazi. Sufuria jikoni, bati juu ya sufuria, na juu ya bati makaa mekundu ya makumbi, ili mkate upate moto juu na chini. Hakutia kumbi motoni kabla ya kulishika. Alilikamata, akalikunja kwa vidole viwili. Likitoa mlio wa ukavu, alilitia. Likinyamaza, alilirudisha juu ya paa likaanikwe tena. Mimi ndiye niliyekuwa mbebaji. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilichoka kupanda ngazi, nikamletea makumbi ya chini ya rundo yaliyolowa umande. Moto ulikataa kuwaka ukawa unafuka tu. Moshi mzito, mweupe kama tui, ulijaa uwani, ukaingia ndani, ukapanda mpaka kwenye boriti za dari.

"Mato yaniwasha, mwanangu," aliniambia akijipangusa kwa ncha ya leso. "Huu si moto, huu ni kikohozi."

Usiku mmoja wa mwezi wa Machi mwaka jana, miaka mingi tangu tumzike, harufu ile ile iliniamsha. Ilikuwa saa nane. Jiko letu lilikuwa baridi, na nyumba za jirani zilikuwa kimya. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, pazia halitikisiki. Katika chumba cha pili mtoto wa kakangu, mwenye miaka sita, alikuwa amekaa kitako kitandani, mabega yamepanda, kila pumzi ikitoka na mluzi. Ana pumu. Tulimpulizia dawa yake, haikutosha. Tukamfunga kanga, tukashuka ngazi, tukapita vichochoroni kwa miguu hadi barabarani tulikopata tuktuk. Njiani, chini ya taa ya mtaa, niliuona moshi kwa macho yangu. Ulikuwa umelala kati ya kuta za nyumba mbili kama maji kwenye mfereji. Mtoto aliwekewa mashine ya mvuke mpaka alfajiri, na alhamdulillahi akarudi nyumbani akidai mahamri.

Asubuhi ile nilipanda juu ya paa. Siku za kawaida, ukisimama pale, Nyali iko mbele yako ng'ambo ya mkono wa bahari, unaweza kuhesabu madirisha ya nyumba zake. Siku hiyo niliona kivuli tu. Mamangu alinifuata juu, akanusa mara moja. Yeye ni Mrabai, aliolewa Mji wa Kale zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

"Ni shamba hilo," akasema. "Kwetu wanachoma."

Nilibisha kwamba Rabai iko mbali, ni mwendo wa zaidi ya kilomita ishirini kutoka kisiwani. Baadaye nikaja kuelewa kuwa mamangu alikuwa na haki, na sababu yake ni jambo ambalo kila nahodha wa bandari ya kale alilijua, ila hatukuwahi kulifungamanisha na mapafu yetu.

Sisi watu wa pwani tunaishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea mpaka Septemba. Kati yao kuna kipindi ambacho bahari hutulia na upepo hauna mwenyewe, mara huku mara kule. Wazee wetu wakakiita tanga mbili. Katika siku hizo unaobaki ni upepo mdogo wa kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na upepo huingia kutoka majini. Usiku nchi hupoa haraka kuliko bahari, upepo ukageuka, ukatoka bara polepole kuelekea majini. Kaskazi ikiwa na nguvu zake, huutambui upepo huo. Tanga mbili zikiingia, unabaki peke yake, na hubeba chochote unachokikuta njiani: Rabai, Mazeras, Jomvu, Changamwe, kisha kisiwa chetu, kisha bahari.

Kuna jambo la pili, baya zaidi. Kwa desturi hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, nayo hupanda, na moshi hupanda nayo. Usiku mtulivu mambo hupinduka. Ardhi hupoa, hewa iliyoigusa ardhi hupoa pia, na juu yake hubaki tabaka la hewa yenye joto. Tabaka hilo hufunika mji kama kawa lililofunika sinia ya chakula. Kilicho chini ya kawa hakitoki. Moshi hutandazwa pale chini, kwenye kimo cha madirisha yetu, mpaka jua lipande na kulifunua kawa lenyewe.

Waliojenga Mji wa Kale walifikiri sana habari ya hewa. Vichochoro vyembamba vinatia kivuli na kuvuta upepo wa bahari hadi ndani ya mtaa. Jiko liliwekwa uwani au juu kabisa. Lamu wao walikuwa na kidari cha meko, jiko la juu ya nyumba, ili moshi usipite vyumbani. Lakini hesabu hiyo yote ilikuwa ya moshi unaotoka nyumbani, na ilitegemea upepo uwepo. Moshi unaoshuka kutoka bara katika usiku usio na upepo huvikuta vichochoro vile vile, ukavijaza, ukakaa.

Sasa moshi wenyewe ni kitu gani? Nyanya alikuwa amekaribia jibu. Kumbi, bua la mhindi au kuti likikauka vizuri na kupata hewa ya kutosha, huungua karibu lote, linaacha jivu na joto. Likiwa na maji, au likirundikwa bila nafasi ya hewa, nguvu ya moto huishia kukausha maji. Moto haufiki joto linalotakiwa, na sehemu ya kuni huruka hewani kabla haijaungua. Hiyo ndiyo tunayoiita moshi. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksidi, inayoinyang'anya damu oksijeni. Mna benzini na formaldehaidi. Mna kemikali za jamii ile ile ya sumu zilizomo kwenye moshi wa sigara. Na mna chembe ndogo mno, zenye upana usiozidi mikroni 2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo mara 30 hivi. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu, ndiyo maana madaktari wanapozungumzia moshi hutaja pia moyo na kiharusi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachokishauri cha chembe hizo: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na wa siku moja usizidi 15. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa moshi wa majikoni peke yake, wa kuni, mkaa, mabaki ya mazao na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimfikiria mtoto wetu alivyokuwa amekaa kitandani, mabega juu.

Pwani tuna mazoea ya kuusamehe moshi wa aina hii. Moshi wa lori tunaulaani, moshi wa kiwanda tunauandamania, lakini moshi wa makumbi tunausifu. Ni moshi wa nazi, tunasema, ni wa asili, unafukuza mbu. Mbu anakimbia, ni kweli. Mtoto aliyelala hawezi kukimbia.

Juma lililofuata nilikwenda Rabai kwa mjomba, nikiwa na hasira zangu tayari. Nilimkuta shambani, anakusanya mabua ya mahindi, makuti yaliyoanguka na makumbi ya msimu mzima. Marundo saba yalikuwa yameshapangwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanipa jembe.

"Haya, mwanangu. Yafukie basi."

Nililima nusu saa. Udongo wa Machi, kabla ya masika, ni kama sakafu. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge wakati mjomba alipoanza kunieleza, kwa upole, mambo ambayo mtu wa mjini hayaoni. Mvua inaweza kuanguka wiki yoyote, na mbegu inatakiwa iikute ardhi ikiwa safi. Kibarua analipwa kwa siku na fedha hana. Ng'ombe wa kula mabua hana. Katika marundo mna nyoka. Na jivu, alisema, hulifanya hindi la kwanza litoke la kijani kibichi.

Kisha akanipeleka kwenye mnazi uliokufa na kulala. Akaupasua kwa shoka. Ndani ya kigogo kilichooza, katika unga wa rangi ya kahawa, alilala funza mweupe, mnene kama kidole gumba, amejikunja. Mjomba akamweka kiganjani. Ni mtoto wa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Chonga aliyekomaa hutoboa kilele cha mnazi usiku, akala moyo wake. Makuti yanayochipuka baadaye hutoka yamekatwa-katwa kama kwa mkasi, na akirudi mara nyingi mnazi hufa. Huzaliana katika vigogo vilivyooza na katika marundo ya samadi na takataka zinazooza.

"Hiki nisipokichoma," mjomba akasema, "yule pale naye ataondoka." Alikuwa akiuonyesha mnazi uliopandwa na babu yangu.

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo simkubalii mtu anayeniambia kuwa mkulima anachoma kwa uvivu. Anachoma kwa sababu moto ndio kibarua pekee asiyedai mshahara, na kwa sababu baadhi ya anachokichoma kwa kweli kinamdhuru.

Ila si vyote. Funza wa chonga hakai katika bua kavu la mhindi. Na jivu lina siri yake: potasi inabaki, lakini naitrojeni, chakula kikubwa cha majani, huruka na moshi, na pia ile mboji ambayo ingeushika unyevu ardhini. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, sehemu ya jivu nayo inachukuliwa. Nilipomwuliza mjomba hali ya mahindi ya mwaka wa pili na wa tatu katika shamba lile lile, alikaa kimya kidogo.

"Huwa manjano," akakiri.

Kisa chetu ni kidogo kikilinganishwa na cha India, lakini chanzo ni kile kile, na kinafaa kusimuliwa. Katika majimbo ya Punjab na Haryana wakulima huvuna mpunga kisha hupanda ngano. Mwaka 2009 Punjab ilitunga sheria ya kuhifadhi maji ya ardhini, ikawakataza wakulima kupanda mpunga mapema wakati wa joto kali. Nia ilikuwa njema. Lakini mavuno yakasogea mbele, na siku za kusafisha shamba kabla ya kupanda ngano zikabaki chache mno. Mkulima akawasha moto. Ukaangukia mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati upepo wa huko unapotulia na hewa baridi inapofunika bonde zima. Moshi huo huenda hadi Delhi, ukachanganyika na wa magari na viwanda, shule zikafungwa. Wale nao wana tanga mbili zao, na moto wao umeangukia humo humo. Nasi tunachoma Machi kwa sababu masika yako mlangoni, na Machi ndio mwezi ambao kaskazi inakata roho.

Hapa kwetu Kenya kuna mfano ulio kinyume. Mwea, kule Kirinyaga, majani ya mpunga hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji.  Wakulima walipata mnunuzi tu.

Sisi wa kisiwani nasi tusiwatupie lawama watu wa bara mikono yetu ikiwa michafu. Tembea jioni kutoka ngome ya Fort Jesus hadi bustani ya Mama Ngina, uhesabu mikokoteni ya madafu. Dafu huangushwa changa, na kumbi lake, sehemu kubwa, ni maji matupu. Kila glasi unayokunywa inaacha nyuma yake kumbi zito la kijani. Siku gari la taka lisipokuja, rundo hukua, huchanganyika na chupa za plastiki na vikombe vya karatasi, na usiku mtu mwenye nia ya kusafisha hulitia kiberiti. Haliwaki. Linafuka siku mbili, tatu. Plastiki ikiungua katika moto hafifu namna hiyo hutoa sumu mbaya kuliko za kumbi lenyewe, na aina nyingine za plastiki hutoa daioksini, inayohusishwa na saratani. Wakubwa tunakumbuka jaa la Kibarani, lililokuwa likifuka kando ya njia ya Makupa mwaka nenda mwaka rudi, abiria wa matatu wakifunga vioo. Jaa lilifungwa, miti ikapandwa, taka zikahamishiwa Mwakirunge. Haifai tukawa na Kibarani ndogo kila pembe ya mtaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba kumbi halikuwa taka katika mji huu. Lilifukiwa pwani kwenye matope, maji ya bahari yakaliingia na kulitoka kwa miezi, kisha likafukuliwa na kupondwa mpaka libaki usumba mtupu, na usumba ukasokotwa kamba. Mitepe, majahazi ya kale ya visiwa vya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Bwejuu, wanawake wameendelea na kazi hiyo mpaka zama zetu. India na Sri Lanka zinauza ng'ambo usumba, na hata vumbi linalobaki, ambalo wenye vitalu vya maua hulitumia badala ya udongo kwa kuwa linashika maji sana. Wakulima wa huko pia huyapanga makumbi ndani ya mitaro kati ya minazi, tumbo likitazama juu, wakayafunika kwa udongo. Yanakuwa vibuyu vya maji ya mvua. Na kifuu kikifanywa mkaa hutoa moto mkali wenye moshi kidogo, ambao wachoma mishkaki wa Mji wa Kale wangeugombania.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapotoka. Kumbi la dafu linaangukia hapo wazi kabisa. Kaunti ikiwa na pipa lake mahsusi kwa wauza madafu, na gari moja la kuyapeleka kwa wakulima wa Kisauni na Likoni, kumbi la Mama Ngina litaishia kwenye mtaro wa mnazi. Na watafiti wa kilimo walioko kituo cha KALRO, Mtwapa, wanaojua minazi kuliko mimi na wewe, wapewe uwezo wa kuwafikia akina mjomba kabla ya Machi na si baada yake.

Mwaka huu mjomba alikubali kujaribu. Nusu ya shamba aliacha mabua yalale kwa mistari, akapanda mbegu katikati. Makumbi aliyatia kwenye mtaro mmoja, mmoja tu, akasema anataka kuona kwanza. Kigogo cha chonga alikichoma, na mimi nilikuwepo. Alikipasua vipande, akavianika wiki mbili, akavipanga kwa nafasi, akawasha saa saba mchana upepo ukivuma na jua likiwa kali. Kiliwaka kwa sauti. Moshi ulikuwa mchache na ulikwenda juu moja kwa moja, na kufikia alasiri palibaki jivu jeupe alilolimwagia maji kabla hatujaondoka. Nilimwona nyanya akilikunja kumbi kwa vidole viwili.

Wewe mwenye shamba Rabai, Kaloleni, Kwale au popote pale nyuma ya mji, naomba haya tu. Bua kavu liache chini lioze. Ukilazimika kuchoma kigogo cha chonga, kikaushe, kichome mchana wakati hewa inapanda, na kizime kabla ya magharibi. Usiliwashe rundo bichi jioni ya tanga mbili ukaliacha lifuke mpaka asubuhi. Upepo wa usiku huo unakuja kwetu, na madirisha yetu yako wazi kwa sababu ya joto.